Vitabu Vyote vya Anayeanza Kuprogramu

Jumatatu, 4 Machi

Meneja ametukusanya karakanani, katikati ya viti visivyo na miguu. Karani wa kompyuta anahama. Nafasi yake itakwenda kwa mtu wa stoo atakayeweza kuandika programu ndogo ya kuyapanga majina ya wateja kwa alfabeti. Mtihani ni Jumatatu ijayo.

Chumba cha kompyuta kina feni na kiti kinachozunguka. Stoo ina vumbi la mbao, na mimi.

Mpinzani ni mmoja tu: Bwana Tai, mwenzangu wa stoo, anayevaa tai hata akibeba magogo. Ameniuliza tuanzie wapi. Tuanzie! Nikamjibu kwamba bado nafikiri. Uongo. Nilikuwa nimeshafikiri. Anayeanza anahitaji kitabu, na mji huu una maktaba moja tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeaga kazini kwamba jino linauma. Nikaenda maktaba, nikamwomba mkutubi vitabu vya kujifunza lugha, vya mtu asiyejua kitu kabisa. Akaniletea cha wasafiri: hoteli iko wapi, tumbo linaniuma. Nikamweleza kwamba nataka lugha ya kompyuta. Akauliza ipi. Kumbe ziko nyingi! Nikamwambia ile nzuri. Akasema inategemea. Nikamwambia basi anipe zote.

Kadi yangu haikutosha. Nikarudi nyumbani kuchukua ya mke wangu na ya mama mkwe, ambaye tunaishi naye tangu ateguke mguu. Mama mkwe nilimwambia ninamletea vitabu vya mapishi.

Rafu ya kompyuta kule maktaba imebaki tupu. Inapendeza kuitazama.

Alhamisi, 7 Machi

Bwana Tai amekwenda maktaba akarudi mikono mitupu, uso umemshuka. Nikampa pole. Nikamwambia vitabu siku hizi ni vya kubahatisha.

Mimi sijaanza kusoma. Lazima kwanza nijue kipi ni kizuri. Kile kinene kabisa kinaanzia zilipobuniwa tarakimu. Kingine kinataka msomaji awe anajua lugha nyingine ya kompyuta kwanza, nimekifunga. Kingine kinaniambia kila ukurasa kwamba jambo hili ni rahisi. Sipendi kusemeshwa hivyo na kitabu. Chembamba kuliko vyote kina picha za bata wakijipanga foleni kwa urefu. Cha watoto! Nimekitia chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Mama mkwe ameuliza mapishi yako wapi. Nikamfunulia ukurasa wenye amri, moja chini ya nyingine. Akausoma wote. Akasema mpishi huyu hajui hata chumvi.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Jino liliuma tena, nikaenda kwa muuza vitabu vya mitumba kuuliza kama ana kizuri zaidi. Hana. Kumbe Bwana Tai naye, baada ya kazi, kapita nyumbani kunijulia hali! Mke wangu, asiyejua kwamba kuna vita, akamkaribisha ndani. Mgeni akaviona vitabu. Mke wangu akamwambia achukue chochote apendacho, maana mwenye navyo anavipangua na kuvipanga tu.

Bwana Tai hakutaka kuninyang'anya ninachosoma. Akainama, akachomoa kile cha bata.

Nilipofika, mchuzi ulikuwa sakafuni na mke wangu ana kitambaa mkononi. "Mume wangu," akasema, "kitabu cha watu ndicho kigae cha kutegemezea meza?"

Nilikuwa nacheka moyoni. Bata!

Jumapili, 10 Machi

Nimeamua. Nitasoma kile kinene. Nimekifunika jalada kwa gazeti, nimechonga penseli, nimewanyamazisha watu wa nyumbani. Mwandishi anaanza kwa kumshukuru mkewe, wanawe, jirani zake na mbwa. Nimezisoma shukrani zote kwa makini. Mke wangu akauliza nitafanyia mazoezi kompyuta gani. Nikamwambia asinivuruge. Kisha usingizi ukanichukua.

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Tai alitangulia. Akaandika mistari michache, akabonyeza. Majina yakajipanga yenyewe, wa A mbele, wa Z nyuma. Meneja alipiga makofi.

Zamu yangu. Kiti kinazunguka kweli. Nikakifungua kitabu na kukiweka juu ya kibodi ili nisome vizuri. Skrini ikajaa herufi J, mstari baada ya mstari, haisimami. Meneja akauliza hiyo ni nini. Nikamwambia ni wateja wanaoanza na J.

Akakiondoa kitabu juu ya kibodi. "Rudi stoo, bwana," akasema.

Mchana Bwana Tai alinifuata huko, tai imelegea kwa furaha. "Kaka, njoo nikuelekeze," akasema. "Si kitu, ni bata tu. Unamlinganisha huyu na huyu, mfupi anapita mbele." Nilimshukuru. Nikamwambia nina kazi. Alipoondoka nikahesabu misumari ambayo haikuhitaji kuhesabiwa. Stoo bila yeye ni kubwa mno.

Jumatano, 13 Machi

Tangazo jipya mlangoni mwa karakana! Timu ya kiwanda inatafuta golikipa. Mazoezi ni jioni hii hii, uwanja wa nyuma. Fundi rangi, mrefu kama ngazi, ameshakwenda na glavu zake. Wachezaji wakaniona napita, wakaniita nami nijaribu. Mpira ukanijia, nikaukwepa, nikaendelea na safari yangu. Maktaba ilikuwa inakaribia kufungwa.

Mkutubi amesema vya ugolikipa anavyo viwili tu. Nimevichukua vyote viwili.

Sasa tuone huyo fundi rangi atadaka na nini.