Majaribio Arobaini ya Bingwa

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Siku mbaya. Sijui niiite nini.

Meneja ametuita asubuhi. Idara ya majaribio inataka mkuu, atateuliwa Ijumaa. Tunaogombea ni wawili: mimi na Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kwa balaa tunafanya kazi ofisi moja, meza zinatazamana. Kila mmoja aandike majaribio yake. Yatakayofaulu kwenye kompyuta ya Meneja ndiyo yatakayohesabiwa.

Tatizo ni kwamba jana, ukweni, nilimwambia Baba mkwe nimeshateuliwa mkuu, kwa tetesi tu za ofisini. Neno lilinitoka tu! Mzee kauliza kazi inaendeleaje, mdomo ukajibu bila kunishauri. Akasimama akanipa mkono. Hajawahi kuniminya mkono vile, hata siku ya harusi. Mke wangu akafuta machozi. Shemeji alikuwa palepale, anamimina chai. Akanitazama. Hakusema kitu.

Kwa nini hakusema kitu? Ananipangia nini huyu?

Jumanne, 4 Machi

Kazi yetu, ili wajukuu zangu wakisoma waelewe: tunatengeneza programu ambayo kila mtu anakaa na nakala kamili ya kazi nzima. Kila mtu anabadilisha kwake anavyotaka, kisha programu inaunganisha nakala zote. Mimi nikilihamishia faili folda nyingine, na wewe ukalibadilisha pale lilipokuwa, programu ijue ni faili lilelile. Majaribio yanahakikisha hakuna kinachopotea. Yakifaulu, kijani. Yakishindwa, nyekundu.

Leo nimeandika arobaini! Yote kijani! Shemeji ana tisa. Tisa! Nilicheka mpaka Mchoraji, dada anayetuchorea picha za programu, akauliza kama naumwa.

Shemeji akachungulia. Akasema majaribio yangu yanatafuta mafaili kwenye kompyuta yangu tu: yanaanzia kwenye diski yangu, yanaingia folda ya Bingwa (Bingwa ndiye mimi), ndipo yanafika. Akauliza, kwenye kompyuta ya mtu mwingine huyo Bingwa atapatikana wapi? Si bora njia ianzie pale mradi ulipo? Nikamwambia mtu mwenye heshima zake hutaja anwani kamili. Akasema haya.

Ile haya yake imenikera mchana kutwa.

Jumatano, 5 Machi

Nyekundu. Yote arobaini. Mbele ya Meneja.

Kompyuta yake inasema faili halipo. Lipo! Nimeliona kwa macho yangu, kwenye mashine yangu, asubuhi! Nikamshauri Meneja, kwa heshima, kwamba kompyuta yake inaumwa. Akasema ameipata mwezi jana. Nikasema hata watoto wachanga huumwa. Hakucheka. Yale tisa ya Shemeji yakapita kijani, moja baada ya jingine. Mimi nimepewa mpaka kesho nirekebishe.

Nikajifungia chooni nifikiri. Kompyuta zao hazina folda ya Bingwa. Basi wapewe!

Saa ya chakula, ofisi tupu, nikapita meza kwa meza. Jamani hawa hawafungi mashine zao! Kompyuta saba, ya Meneja ikiwemo, kila moja nimeitilia folda ya Bingwa. Nikajaribu: kijani, kijani, kijani! Jioni mke wangu akauliza kuna habari gani. Nikamwambia alale usingizi.

Alhamisi, 6 Machi

Sielewi. Narudia: sielewi.

Mchoraji alikuta folda mpya kwenye kompyuta yake, akadhani ni ya ofisi. Akahamishia humo michoro yake yote, kazi ya wiki tatu. Nani alimtuma? Na majaribio yangu ni masafi: kabla ya kuanza hufuta kila kilichomo kwenye folda ya Bingwa, kisha huweka mafaili yake upya. Saa nne nikayaendesha kwenye mashine zote ili Meneja aone. Akaona. Kijani arobaini. Mara tukasikia ukelele.

Michoro hakuna. Dada wa watu alilia. Nilitaka kusema pole, nikajisikia nasema majaribio yamefaulu.

Shemeji akavuta kiti. Jana Mchoraji alikuwa amemwomba apunguze ukubwa wa picha zote hizo, kwa hiyo kwenye nakala ya Shemeji zilikuwepo, mahali pake pa zamani. Akaunganisha nakala yake na ya Mchoraji. Programu ikasimama ikauliza: huku zimehamishwa zikafutwa, huku zimebadilishwa, nishike zipi? Kumbe jaribio lake la tisa lilikuwa la jambo hilohilo! Akabonyeza zilizobadilishwa. Michoro yote ikarudi. Mchoraji akamshukuru yeye. Yeye! Folda ilikuwa ya nani?

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji ndiye mkuu.

Meneja akanigeukia akasema balaa langu limekuwa jaribio zuri kuliko yote ya mwaka huu, na nisiguse tena mashine ya mtu. Nimesifiwa au nimekaripiwa? Nimeuliza watu watatu, wote wakatazama pembeni.

Saa sita mapokezi wakapiga simu. Kuna mzee, amevaa tai, anataka kuona meza ya mkwe wake.

Shemeji akanivuta kando, karibu na mashine ya kuchapia. Akasema wiki nzima amenyamaza kwa ajili ya dada yake, lakini akiulizwa hatamdanganya baba yake. Akasema mzee ananipenda, atanuna siku mbili tu. Niseme mwenyewe, leo, naye atasimama nami. Akanishika bega. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka macho yakaniwasha. Nikamwahidi.

Mzee alikuwa ameketi, kofia magotini. Akauliza ofisi ya mkuu iko wapi. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo niseme kweli.

Nikamwambia nimepandishwa cheo tena, jana, na kile kiti nimemwachia mwanawe.

Mzee akatukumbatia wote wawili, akalia. Shemeji hakuniaga.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe ameutangazia ukoo mzima. Kesho wanakuja kuona ofisi yangu mpya, shangazi wawili wamo. Mke wangu amenipigia pasi shati na ananiita mheshimiwa. Nashindwa kumtazama usoni. Shemeji hapokei simu, sijui nimemkosea nini. Kiti si amepata?

Lakini nimefikiri. Meneja anaanza likizo kesho. Kibao cha jina mlangoni pake kimeshikwa na skrubu nne tu, na bisibisi ninayo.