Gauni Limepwaya, Goti Limegoma

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kalitazama goti, kanitazama mimi, kasema gegedu, ule mto wa kati ya mifupa, limelika, nipunguze kilo nane. Eti kila kilo ikitoka, goti linapunguziwa mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Nikamweleza mimi fundi cherehani, goti limechoshwa na pedali. Akaandika kilo nane tena, akapigia mstari. Mtu haambiliki. Na Ijumaa Fundi Mkuu anastaafu. Meza yake ya kukatia, ile ya ghorofani dirishani, nimeingojea miaka kumi na moja. Ataipata anayeweza kupandisha majora ya vitambaa. Ama mimi, ama wifi yangu, fundi mwenzangu hapa.

Jumanne, 4 Machi
Kilo nane kwa siku nne haziwezekani. Gauni linawezekana. Nimefumua mishono ya ubavuni, nikaachia inchi mbili kila upande. Linapwaya vizuri mno. Fundi Mkuu kasema nimepungua, hongera. Nimejipongeza kwa mkate na siagi, vipande vinne.

Jumatano, 5 Machi
Nimeachia inchi nyingine. Hongera tatu. Goti tu ndilo halijapata habari, limeniuma toka kitandani mpaka bafuni. Halafu wifi kanizunguka mara mbili, akasema mbele ya watu kwamba matundu ya mshono wa zamani yanaonekana. Nikasema ni mtindo. Mpiga pasi kacheka mpaka kaunguza kola. Goti la wifi lilikuwa bovu kuliko langu. Tangu mwaka jana anatembea kila asubuhi, kapungua kilo sita, sasa anapanda ngazi huku anaimba. Anaudhi.

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani. Kila mmoja jora lake, ngazi kumi na nane. Ya tisa, goti likagoma. Nikakaa palepale, jora mapajani, natamani ardhi ipasuke. Wifi kanipita, kafikisha lake, karudi kuchukua langu. Meza ni yake. Nimelia chooni, sikatai.

Jumamosi, 8 Machi
Wifi kaniletea viatu vyake vya kutembelea. Kesho saa kumi na mbili asubuhi atanipitia, twende polepole, mwendo wangu. Kasema mwezi ujao itawekwa meza ya pili ghorofani, angependa niwe mimi. Roho ikalainika. Nikamshukuru sana, nikamwambia kesho haiwezekani, nina kazi.

Na kazi ninayo kweli. Kosa langu nimeshaliona: kitambaa. Rangi ya maziwa inaonyesha kila tundu la sindano. Nimenunua mita nne za cheusi, na safari hii sifumui kitu. Nakata pana toka mwanzo.