Sungura wa Kituo cha Tano

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki siku tano. Jumamosi chama chetu cha waendesha baiskeli kinachagua kiongozi wa msafara. Kiongozi hupewa filimbi na fulana ya manjano. Anatangulia, na ni marufuku kumpita. Kazi yangu kabisa hiyo!

Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Fundi baiskeli, mapaja kama magogo. Naye anaitaka filimbi. Anasema mimi siku niliyopewa kuongoza kwa majaribio niliwapeleka watu kumi na mmoja kwenye machimbo ya mchanga. Uongo. Walikuwa tisa.

Mke wangu amesema nikimtia aibu tena mbele ya kaka yake, baiskeli inauzwa. Amesema akikata vitunguu, bila kupandisha sauti. Angepiga kelele ningelala vizuri.

Sharti la mgombea: kadi yenye mihuri saba. Njia yetu ni reli ya zamani iliyong'olewa vyuma. Kilomita sitini, kwanza msitu, halafu nyika ya vichaka visivyofika kiunoni, halafu msitu tena. Kila kituo cha zamani kina kisanduku cha bati na muhuri ndani. Unafika, unagonga kadi yako, unaendelea. Kadi ya shemeji imejaa. Yangu nyeupe pe.

Kilomita sitini! Kwa miguu ya nani?

Jumanne, 4 Machi

Nimekodi pikipiki na dereva wake. Mpango: kituo hadi kituo, gonga, gonga, nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Kumbe mwanzo wa njia kuna nguzo tatu za chuma na mlinzi wa msitu. Amesema humu hakiingii chenye injini. Nimemwambia ninafanya utafiti. Amesema utafiti nao utembee kwa miguu. Halafu ameuliza kwa nini mtu mwenye kofia ya baiskeli kichwani amekuja kwa pikipiki. Maswali mengine ni ya kukosa adabu tu.

Dereva amecheka njia nzima kurudi. Njia isiyo na magari! Eti watu wasikie ndege. Ndege hata kwangu wapo.

Jumatano, 5 Machi

Akili hii! Wakati mwingine najiogopa mwenyewe.

Ukumbini kwetu, ukutani, imetundikwa kadi ya zamani ya Mwenyekiti. Ni nesi mstaafu, mama wa miaka sitini na tano, anayepanda vilima huku akipiga soga. Mihuri yote saba ipo: jani, kindi, daraja, kware, sungura, ua na mnara. Nimejitolea kufuta vumbi. Mwenyekiti amefurahi, amesema hatimaye nimekua. Alipotoka nikainakili mihuri yote kwa karatasi nyepesi.

Kutoka hapo mbio kwa fundi mihuri. Chumba chembamba nyuma ya posta, harufu ya mpira ulioungua. Kazi yake ni IMEPOKELEWA na NAKALA HALISI. Ameitazama michoro, akanitazama mimi, akauliza ni ofisi gani hii yenye kindi. Nimesema ni mambo ya serikali. Akashusha sauti. Akasema sungura huyu ana sikio moja, amtengenezee la pili? Nimesema amtengenezee. Mimi si mtu wa kazi nusunusu.

Alhamisi, 6 Machi

Mihuri tayari. Nimegonga kadi juu ya meza ya kulia, mlango nimeufunga. Sungura ametoka mzuri, masikio wima, anakaribia kuongea.

Kadi mpya mno, lakini. Nimeipaka vumbi la dirishani. Nimeidondoshea chai. Kisha nimeikalia chakula chote cha mchana ionekane imesafiri. Mke wangu ameuliza mbona najinyonganyonga kitini. Nimesema ni uchovu wa mazoezi. Ameniongeza wali.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeingia ukumbini kifua mbele. Kadi imepita mkono kwa mkono. Watu kimya. Nikadhani ni heshima.

Mwenyekiti amevaa miwani. Amesema alitangaza mwezi uliopita kwamba muhuri wa kituo cha tano umepotea. Tangu siku hiyo kila anayefika pale anachovya dole gumba kwenye wino na kuliweka kadini. Kadi za wagombea zilitolewa baada ya hapo, na wote wana dole gumba. Mimi nina sungura. Nimempata wapi?

Mwezi uliopita! Mimi niliondoka chai ilipokwisha. Nani hubaki kusikiliza matangazo?

Lakini ulimi wangu haujawahi kunitupa. Nikasema: nimeuokota! Ulikuwa vichakani, hatua chache kutoka kisandukuni. Nikagonga, nikauchukua nije kuukabidhi kwa mkono wangu.

Makofi! Mwenyekiti amenikumbatia, machozi yakimlengalenga. Mke wangu, aliyekuja kushuhudia aibu, alisimama kupiga makofi. Sijamwona akinitazama hivyo tangu harusi. Roho ilinichoma kidogo. Ikapita.

Halafu Mwenyekiti akatangaza kwamba uchaguzi unasogezwa. Kesho tutakwenda wote, njia nzima, nami nitaurudisha muhuri kwa heshima zote. Kura tutapigia mwisho wa njia, pale litakapotungoja lori la kuturudisha. Mke wangu akasema naye atakuja, ataazima baiskeli kwa kaka yake.

Shemeji hakusema neno. Alitabasamu tu. Wivu huo!

Jumapili, 9 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Kituo cha kwanza: mzima. Cha pili: nimeomba tutazame kindi. Hakukuwa na kindi. Cha tatu: mapumziko ya kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Cha nne nilikuwa napumua kwa sauti hata wale ndege wa mlinzi wamehama.

Kisha nyika. Hakuna kivuli, mchanga umemeza gurudumu, upepo wa usoni. Mke wangu amenipita akiimba. Akageuka, akaendesha pembeni yangu polepole, akasema hakujua kama nina moyo wa namna hii. Nilitaka kumweleza kila kitu. Pumzi haikutosha.

Kituo cha tano. Wote tumezunguka kisanduku. Nimetoa muhuri wangu kwenye kitambaa cheupe. Makofi. Hapo shemeji akakohoa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa muhuri mwingine. Amesema yeye ndiye aliyeuchukua, mpini ulikuwa umevunjika, akaenda nao karakana kuutia mpya, alitaka kuwashangaza watu leo. Kimya chake cha jana kumbe ndicho hicho! Mwanaume mzima, kanitazama nikiteseka kilomita arobaini na nne ndipo akafungua mdomo!

Mwenyekiti ameigonga mihuri yote miwili juu ya karatasi. Sungura wake sikio moja. Wangu masikio mawili. Amesema kwa upole wa nesi anayejua sindano itauma kwamba huyu wangu ni mzima mno. Kadi akaichukua.

Mke wangu alipanda baiskeli akaondoka.

Na hapo hata kukimbia sikuweza. Hakuna barabara, hakuna gari, nguzo za chuma kila upande. Njia pekee ya kuikimbia aibu ilikuwa kupiga pedali nyuma ya walioishuhudia. Kilomita kumi na sita. Nimezimaliza. Kilomita sitini kamili, mwenyewe, kwa halali, na sina hata muhuri mmoja wa kuonyesha.

Filimbi kapewa shemeji. Kura zote. Hata yangu, mkono ulinikwama juu baada ya kujinyoosha mgongo.

Jumanne, 11 Machi

Mwenyekiti amepita nyumbani asubuhi. Nilijificha bafuni, nikasikia yote. Amesema wamemjadili mtu huyu. Ni tapeli, lakini kwenye mchanga hakushuka baiskeli, na hilo wameliona. Nafasi ya msaidizi wa kiongozi iko wazi hadi Jumatatu. Ameacha kadi mpya. Nipite njia mara moja tu, safari hii nikigonga.

Mke wangu amegonga mlango wa bafu. Amesema baiskeli haiuzwi bado. Amesema pale kituo cha tano alikasirika mpaka akalia, lakini alipogeuka akaniona nakuja, nimepinda, bado napiga pedali, hasira zikapungua. Jumapili twende wawili, taratibu, atafunga chakula. Naye ana kadi yake.

Nimeguswa sana. Nimekaa ukingoni mwa beseni nikafuta macho. Wanawake wa namna hii ni wachache.

Na ana kadi yake! Anapita vituo vyote, muhuri anaushika mkononi. Kadi mbili uzito wake ni nini?

Linahitajika goti bovu, ili aende peke yake na kadi yangu mfukoni. Nimeanza kuchechemea leo leo ili hadi Jumapili wawe wamezoea. Nimechechemea hadi dukani na kurudi. Jirani amenipa pole. Jioni mke wangu ameuliza ni goti gani. Nimesema la kulia. Akasema asubuhi lilikuwa la kushoto.

Kesho nitaweka alama kwa kalamu.