Mjomba Wangu na Dada wa Mikopo

Jumatatu, 2 Juni
Asubuhi nimemwambia mteja wangu, wa pekee wiki hii, kwamba linalotutisha tulikabili uso kwa uso. Katoka tu, simu ikaita. Ofisi ya mikopo ya wanafunzi! Miezi minne sijalipa. Nikaingia chini ya meza. Mwanasaikolojia mzima! Simu haikukoma. Nikapata akili: nikapokea kwa sauti nzito, nikasema mimi ni mjomba wa mdaiwa, kijana kasafiri. Dada wa mikopo akaniamkia shikamoo. Hilo sikulitarajia. Nikaitikia marahaba, na miaka yangu ishirini na minane.

Jumatano, 4 Juni
Kapiga tena. Nikasema kijana hajarudi. Badala ya kukata, akauliza mjomba kaamkaje. Jamani! Tangu nihamie huku hakuna aliyeniuliza hivyo. Mjomba akalalamikia mgongo. Basi, maongezi yakanoga. Dada anasema kutwa anatukanwa na wadaiwa, na akifika kwake hana wa kumwambia. Mjomba akamsikiliza dakika arobaini, bure, kazi niliyokopa miaka minne kuisomea. Jirani wa chumba cha pili hapa kliniki, mtaalamu wa viungo, ambaye benchi lake halikosi watu, akachungulia kuuliza kama hatimaye nimepata mteja. Nikamjibu nimejaa hadi Ijumaa. Ana kijicho yule.

Ijumaa, 6 Juni
Mama kapiga. Yeye ndiye mdhamini wangu. Nilisahau kabisa! Kaambiwa nisipolipa mwezi huu watakata pensheni yake. Kisha akaulizwa kama ni kweli kaka yake anaishi kwangu. Mama kazaliwa peke yake! Eti kajibu ndiyo, Mungu amsamehe, na sasa anataka kujua huyo kaka anaitwa nani, tusije tukapishana maneno. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama ninakula. Nikasema ndiyo, chai kavu mkononi. Nimejisikia vibaya mno.

Jumatatu, 9 Juni
Nimesaini fomu ya kukatwa kwenye mshahara wa kliniki kila mwezi. Theluthi nzima, kwaheri. Nikampigia dada wa mikopo kwa sauti yangu halisi. Yake ikawa ya kiofisi. Akasema mama yuko salama na mimi sitasumbuliwa tena. Akaomba nimfikishie mjomba salamu. Nimemwonea wivu mjomba.

Alhamisi, 19 Juni
Siku kumi, simu kimya. Nikadhani imeharibika. Nikajipigia kwa simu ya ofisi, nikapokea. Nzima kabisa. Nikasema haloo kwenye zote mbili, kisha sikuwa na la kuongeza.

Mteja wangu naye kapona, haji tena. Hongera yake.

Jumatatu, 30 Juni
Nimepata! Nimenunua laini mpya na kisimu cha kuitia. Nikajaza fomu ya kubadilisha mdhamini: mama katoka, mjomba kaingia, namba ni ya laini mpya. Kisha nikaenda kwa mhasibu wa kliniki kusimamisha makato. Akauliza sababu. Nikasema matatizo ya kifamilia, upande wa mjomba. Akanipa pole kwa moyo wote hadi nikaona haya. Faini itapanda, najua. Lakini mama hatasumbuliwa. Mtoto gani mwingine angemfikiria mama yake hivi?

Jumanne, 8 Julai
Bado. Mtaalamu wa viungo kauliza mbona natembea na simu mbili. Nikamwambia kazi zimenizidi.

Alhamisi, 10 Julai
Laini mpya imeita! Namba anayo yeye tu. Nikaiacha iite mara tatu, asije akajua nilikuwa naisubiri. Dada wa mikopo akasema shikamoo mjomba, akalalamika kuwa mpwa wangu kaanza tena yale yale. Nikamwambia yule kijana hafundishiki. Akacheka. Kisha akauliza nimeamkaje.

Nikasema leo afadhali, mwanangu. Nikafunga mlango, nikavuta kiti, nikamwomba anisimulie mwezi wote, asiruke hata siku moja.