Volti Mia Tatu Kwenye Meza Yangu ya Kulia

Ndugu Mkuu wa Karakana ya Mitambo Midogo,

“Volti ni mia tatu, mama, lakini mkondo ni kiduchu, hauwezi kumdhuru mtu.” Hayo ni maneno ya mkwe wangu, fundi wako, uliyemruhusu afanyie kazi kwangu tangu paa lenu lianze kuvuja. Nayakanusha. Mimi ni mtu. Niligusa sakiti yake nikitafuta chumvi, na bakuli la mchuzi likatua kifuani mwa mume wangu.

Anamtengenezea mama yangu mzazi miwani, maana macho yake hayalioni tena tundu la sindano. Lenzi inasogezwa na vibamba viwili vyembamba vinavyovutana kwa umeme. Nia njema sikatai. Ila nalalamika:

1. Betri inatoa volti tatu, sakiti inatema mia tatu. Katika ukoo wetu, anayetoka na tatu akarudi na mia tatu huitiwa kikao.

2. Friji yangu inahudumia watu saba na haijawahi kudai volti nyingi hivyo. Hicho kidude cha vibamba, kidogo kuliko chembe ya ufuta, kinadai, tena hakina hata tumbo.

3. Kwa ulaji wote huo, kinasogea upana wa unywele. Nimekaa kwenye kamati nyingi, mwendo huo naujua. Lakini hata kamati haikurushi ukiigusa.

4. Vumbi. Chembe moja ikiingia kati ya vibamba, vinanatana na kazi yote inakufa. Basi ni marufuku kufagia, kukung’uta mikeka na kupiga chafya kuelekea mezani. Tunakula tumevaa kofia za plastiki kama wanaosubiri upasuaji. Juzi wazee walikuja kumposa binti yangu mdogo, wakavalishwa kofia mlangoni. Hawajarudi.

5. Kama ukali usio na wingi si hatari, niruhusiwe kufuga nyoka sebuleni, mradi ana tone moja tu la sumu.

Kwa hiyo mchukueni mkwe wangu na vidude vyake kabla ya Ijumaa. Nisalimie mafundi wote, hata yule aliyenishauri nile nimevaa viatu vya mpira.

Wako kwa heshima, nywele zikiwa bado zimesimama,
Mama Mkwe

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mama amejaribu miwani. Ametunga uzi kwenye sindano, kisha akanitazama sana: “Mwanangu, umezeeka lini?” Jicho la kushoto bado halina lenzi. Basi ninyi mafundi mtakaotumwa kumchukua mkwe wangu, msije mikono mitupu. Njooni na lenzi ya pili, mkae, mmalize.