Paka Watatu na Kiti cha Naibu

Jumanne, 3 Juni 1986

Siku ya bahati! Naibu wa Mwalimu Mkuu amehamishiwa shule ya Turbo. Kiti kiko wazi. Tunaokitaka ni wawili: mimi, Zachariah Kipkemboi, mwalimu wa sayansi, na Githinji wa hesabu, ambaye hucheka kabla Mwalimu Mkuu hajamaliza mzaha wake.

Leo Mama Rael, mke wa Mwalimu Mkuu, alipita staffroom akilalamika kwamba panya wanamaliza mahindi yake kule shambani kwake, kijiji cha Ziwa. Githinji akaruka na kuahidi mtego. Mtego! Mimi nikasema kwa upole kwamba paka wangu, Inspekta, amezaa watatu, na mmoja ni wake. Alifurahi sana. Ila akasema hataki anayenyonya, anataka anayekula mwenyewe. Nikamwambia wangu wanakula kila kitu. Atakuja kumchukua Jumamosi ya wiki ijayo.

Kweli, bado wananyonya. Wana wiki nne. Lakini nina siku kumi na moja, na cheti cha ualimu.

Jumatano, 4 Juni

Somo la kwanza. Nimewaita wanafunzi kwa nafasi zao: Namba Moja, Namba Mbili, na yule mdogo wa mwisho, Mkia. Nilisonga ugali mgumu, nikaukata vipande vya sentimita moja kwa rula. Supu juu. Safi kabisa!

Namba Moja alilala juu ya ugali. Namba Mbili alicheza nao mpira. Mkia aliingia ndani ya kiatu changu akakataa kutoka. Ndipo Inspekta akaja, akala sahani yote, akajilamba, akajinyoosha pembeni. Darasa zima likakimbilia kunyonya.

Ijumaa, 6 Juni

Nimegundua adui. Ni Inspekta! Nani atafanya kazi wakati maziwa yapo bure? Asubuhi nilimfungia nje. Nikamimina maziwa ya ng'ombe kwenye bakuli, baridi vile vile, nikawatumbukiza pua mmoja mmoja. Chafya tupu. Namba Mbili alipita katikati ya bakuli kwa miguu yote minne, kisha juu ya madaftari ya darasa la sita.

Lakini Mkia alikunywa! Alikunywa mpaka tumbo likawa kama limau. Nikaandika ukutani: AMEFAULU. Githinji alisikia kelele zangu, akauliza dirishani ninamchinja nani. Wivu.

Jumamosi, 7 Juni

Mkia anaharisha. Tangu alfajiri. Hawezi kusimama. Nilimfunga kwa sweta yangu, nikamweka kifuani, bado akawa baridi. Halii hata. Mdomo unafunguka bila sauti.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nililia.

Nikambeba hadi kwa Mama Waceke, jirani anayeuza mboga na samaki wadogo wa omena karibu na geti la shule. Hakunilaumu. Aliuliza tu mama yake yuko wapi. Nikasema yuko nje tangu jana. Akaacha mboga zake, akaja kufungua mlango mwenyewe. Inspekta aliingia kama risasi, akamlamba Mkia kuanzia masikio.

"Mwalimu," Mama Waceke akasema, "huyu ni mtoto. Mwache anyonye. Chakula ni cha kuonja pole pole, si mtihani."

Akanieleza: omena zichemshwe bila chumvi, zitolewe miiba, zipondwe na supu yake mpaka ziwe kama uji. Vuguvugu. Kidogo kwenye kidole. Akilamba, vizuri. Akikataa, kesho. Mama yao asifukuzwe. Na maziwa ya ng'ombe niweke kwenye chai yangu.

Jumatatu, 9 Juni

Mkia amesimama! Ameanguka. Amesimama tena! Jana alinyonya kutwa nzima, na leo ameuma kamba ya kiatu.

Uji wa omena uko tayari, lakini kidole kimoja ni kazi ya polepole. Nikafikiria: mwanafunzi hujifunza kwa mfano. Nikapiga magoti, mikono chini, nikaanza kulamba uji kutoka kwenye sahani huku nikinguruma kwa furaha. Watoto walinitazama kwa makini sana. Githinji pia. Alikuwa amekuja kuazima chaki.

Kufikia saa nne staffroom nzima ilikuwa inajua.

Alhamisi, 12 Juni

KIDOLE! Mkia amelamba kidole! Ulimi wake kama msasa. Nikakishusha kidole polepole hadi kwenye kifuniko cha mkebe, naye akakifuata, akatia mdomo katika uji, akala mwenyewe. Namba Moja akaja kunusa. Namba Mbili akamsukuma. Vichwa vitatu, kifuniko kimoja! Nilipiga kelele mpaka Mama Waceke akaja mbio na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Habari nyingine. Githinji alionyesha mtego wake ofisini. Ulinasa kidole gumba cha Mwalimu Mkuu. Nimewaombea wote wawili. Mmoja kwa ufupi.

Jumamosi, 14 Juni

Nilivaa suti. Mama Rael akaja, akakaa, nami nikaweka kifuniko chini. Mkia akala vizuri mbele yake, kisha akapiga chafya. Omena kwenye tai yangu yote. Mama Rael alicheka mpaka akafuta machozi.

Akambeba, akamgeuza, akauliza umri. Nikasema ukweli. Akasema yuko sawa, lakini aendelee na mama yake mpaka atimize miezi miwili. Julai nimpeleke Ziwa mwenyewe. Kisha akaniambia kiti cha naibu kimekwenda kwa Mwalimu Chepkoech, ambaye hakuomba hata. Niliumia kidogo. Mkia alikuwa amesharudi kwangu na kulala mfukoni, kwa hiyo sikuweza kuinuka kwa hasira.

Lakini kumbe mambo hayajaisha! Mama Rael ana ndama anayekataa kunywa kwenye ndoo. Nikamwambia amefika kwa mtaalamu. Mama Waceke, aliyekuwa uani, akaanza kunieleza jinsi ndama wanavyofundishwa. Nilimshukuru, nikamwambia asijisumbue.

Sijawahi kumshika ndama. Lakini ratiba iko tayari: somo saa mbili, mtihani saa tatu.