Mkia wa Tausi Chumbani kwa Mama

Jumamosi, 14 Desemba

Nimehamia! Nyumba ya vyumba viwili, hapa Arima, Trinidad, mtaa mmoja na mdogo wangu Garnet. Tena uso kwa uso na baraza lake. Nimehama kwa safari moja tu. Gari la kuazima lilijaa, friji nikaibeba mgongoni maili mbili. (Sawa, nilianzia getini. Lakini geti lile liko mbali.)

Sababu ya kuhama ni Mama. Kila mwaka hutoka kwake Toco kuja kula Krismasi na sisi, na kila mwaka hulala kwa Garnet. Kisingizio kilikuwa ngazi za kule kwangu Laventille. Magoti, anasema. Haya, hapa hakuna ngazi hata moja! Nimetembea nyumba nzima nimefumba macho kuhakikisha. Nimejigonga mlango tu.

Anakolala Mama ndiko ukoo wote hunywa chai asubuhi ya Krismasi. Ndiko paja la nguruwe hukatwa. Ndiko waimbaji wa paranda, nyimbo zetu za Krismasi, huingia na magitaa yao. Mimi ndiye mkubwa. Garnet nilimfundisha kutembea, na kuogelea, na nadhani hata kusema. Halafu kila Krismasi naenda kwake nimeshika sahani, kama mpangaji!

Mwaka huu basi. Mama kasema kwenye simu kwamba Mkesha wa Krismasi atakagua vyumba vyote viwili, chake cha kwa Garnet na chake cha kwangu, ndipo achague.

Chumba chake cha kwangu kwa sasa kina msumari mmoja ukutani. Pesa zote zimeliwa na kodi. Akili ipo, tele.

Jumapili, 15 Desemba

Lori! Jumapili, watu wametoka kanisani, lori linasimama kwa Garnet na kushusha godoro. Jipya, ndani ya nailoni. Nene kama kitabu cha sheria. Halikuingizwa ndani, la hasha. Limesimamishwa barazani, eti lipate hewa. Hewa gani na limefungwa nailoni? Linapata macho ya watu, hilo tu.

Mtaa mzima umekwenda kulibonyeza. Na mimi nikaenda, kwa ajili ya utafiti. Laini mno. Nikamwambia Garnet kwamba godoro laini hivi hufupisha uti wa mgongo, kuna bwana mmoja wa Sangre Grande alilalia kama hilo akaamka suruali zote zinaburuta. Garnet akacheka mpaka akashika nguzo. Akasema, "Kaka, wewe! Hukui?" Mkewe Merlina akaniletea pastele za moto, unga wa mahindi na nyama ndani ya jani la mgomba. "Kula, shemeji, wivu unakondesha."

Wivu! Mimi!

Nimekula tatu kwa hasira.

Jumanne, 17 Desemba

Kitanda tayari. Makreti ya bia chini, mbao juu, shuka ya kuning'inia mpaka sakafuni ili makreti yasijulikane. Godoro nimepewa na mwenye kilabu cha pembeni, la nyuzi za nazi. Gumu kidogo. Nimelichapa kwa fimbo mchana kutwa, likatoa vumbi na kiatu kimoja cha mtoto.

Lakini sikiliza hii. Jirani yangu wa nyuma ni Fonrose, fundi wa waya. Yeye hukunja mifupa ya mavazi ya Kanivali, yale makubwa yenye magurudumu. Uani kwake, chini ya turubai, nimekuta mkia wa tausi. Mkia mzima! Wa mfalme wa kundi la Kanivali la mwaka jana. Waya, manyoya ya buluu na kijani, vioo vidogo, unga wa kumetameta kila mahali. Nikamuuliza unauzwaje. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mzee, uchukue tu. Utaniondolea panya."

Ndio ubao wa kichwani wa Mama huo! Garnet ana godoro. Mimi nina ENZI.

Mlangoni haukuingia. Dirishani haukuingia. Tumeng'oa fremu ya dirisha, Fonrose na mimi, ukaingia. Fremu tumeirudisha, imepinda kidogo. Mkia umejaza ukuta wote, na pembeni umekunja kona. Nimesimama mbele yake nikalia. Huenda ni ule unga, umeniingia machoni.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimemwona Garnet akishusha makopo ya rangi. Bila shaka, kila nyumba mtaani inapaka rangi sasa, Krismasi bila harufu ya rangi mpya si Krismasi. Lakini chumba cha Mama kwa Garnet kikipakwa rangi, na lile godoro, na mapazia ya Merlina... Nilikosa hamu ya kula. Karibu.

Ndipo akili ikaja. Nikavuka barabara, uso wa msiba. Nikamwambia Garnet kwa sauti ya chini kwamba Mama kaniambia mimi, kama mkubwa, kwamba daktari kamkataza harufu ya rangi. Kifua. Nikashika changu kuonyesha kilipo. Garnet akatua makopo chini. Akasema, "Masikini Mama. Ahsante kwa kutuambia, kaka." Akayabeba makopo yake akayapeleka stoo.

Nilipofika nyumbani nilicheza.

Mchana wote nimepaka rangi chumba changu. Kijani cha embe bichi, kinatuliza damu, nilisoma mahali au niliambiwa. Sakafu nimepiga vanishi. Kopo lilikuwa nusu, nikaongeza mafuta ya taa lienee. Wenye elimu ndogo huita uchakachuaji. Inang'aa! Haijakauka, ila inang'aa.

Jumamosi, 21 Desemba

Mapazia. Mapazia ndiyo vita yenyewe.

Kezia, binti wa Garnet, ndiye mshonaji wa mtaa huu. Nikaenda kumwamkia, kama ba'mkubwa wake, nikakaa, nikasifu cherehani. Nikamuuliza kwa mbali, mama yako mwaka huu kachagua kitambaa gani? Kezia hakuinua hata kichwa. "Ba'mkubwa, mapazia ya watu ni siri mpaka Mkesha. Nikikwambia ya mama, kesho nitamwambia mama ya kwako." Nikasema mtoto mwenye adabu sana, huku jicho langu liko kwenye kikapu chini ya meza. Kitambaa cha njano! Maua mekundu, majani. Kingi mno. Nani mwingine wa kushona kingi hivyo kama si Merlina?

Nimepanda teksi mpaka Port of Spain, mtaa wa Charlotte, nikasukumana na wanawake wenye viwiko kama nyundo. Nimekipata kilekile. Nimeuza redio kukilipia, lakini redio ilikuwa inasema uongo.

Kezia hapati kazi hii, angenichoma. Nashona mwenyewe, kwa mkono. Sindano nilijifunza siku nilipomshona papa tumbo pale Maracas na kumrudisha baharini. Pazia si shida.

Jumatatu, 23 Desemba

Hapa kwetu pazia jipya halitundikwi kabla ya Mkesha. Kila mtu anajua. Ukitundika mapema watu watauliza una haraka gani, umefiwa? Lakini nilifikiri hivi: Merlina akitundika yake kesho, na yangu yapo tangu leo, nani ataonekana kamwigiza nani? Eh?

Saa nane mchana nimetundika. Njano tupu! Upande mmoja mfupi kuliko mwingine, ila upepo unaficha. Nikakaa barazani, miguu juu.

Wa kwanza kupita ni Bibi Philomène wa kanisani. Akasimama, akafanya ishara ya msalaba, akaniuliza ni nani aliyefariki. Nikasema hakuna. Akasema basi leo ni tarehe ngapi kwako?

Halafu saa kumi wakatokea wasichana watatu wa duka la mikate la kona, wanatoka kazini. Wamevaa aproni mpya. Za njano. Maua mekundu, majani.

Kilekile!

Walisimama. Wakaangalia dirisha. Wakajiangalia. Mmoja akaketi chini barabarani kwa kucheka. Merlina, ambaye masikio yake husikia kicheko cha Trinidad nzima, akatoka barazani kwake na kupaza sauti: "Shemeji! Mkate umeiva? Nitengee miwili!"

Mapazia yake yeye bado yako kwa Kezia. Hakuna anayeyajua. Nimeingia ndani. Nimefunga dirisha lisionekane, lakini dirisha ni kioo.

Jumanne, 24 Desemba. Mkesha

Mama amefika adhuhuri na kikapu cha samaki wakavu. Amevaa kofia yake ya zambarau. Mtaa mzima unafagia, unapiga nyundo, unatundika. Nikampokea mimi kwanza! Nilikuwa nimesimama kituoni tangu asubuhi. Garnet kaja baadaye, kabeba kikapu, kajipendekeza.

Nikamwingiza chumbani. Nikafungua mlango kwa mkono mmoja, hivi, kama mwenye ukumbi.

Mama akaona mkia. Akaweka mkono mdomoni. Akasema taratibu, "Bertie. Nani alikwambia?"

Kumbe alipokuwa msichana, kabla ya Baba, kabla yetu, alicheza Kanivali na mkia wa tausi! Aliushona mwenyewe kwa karatasi na gundi ya unga wa muhogo, mvua ikanyesha, ukamyeyukia mgongoni katikati ya barabara. Sikuwahi kusikia. Garnet naye hakuwahi kusikia! Nikasema hakuna aliyeniambia, Mama, damu ilinituma. Akanishika shavu. Akanishika mimi, na Garnet anaona! Laiti siku ingeishia hapo.

Akaketi kitandani. Kreti likalia. Akakohoa. Akakohoa tena. Machozi. "Mwanangu, harufu gani hii? Mafuta ya taa?" Nikasema ni harufu ya Krismasi. Akasimama atoke nje, na ndala zikabaki. Zote mbili. Zimeshikwa na sakafu. Mama akavuka barabara peku, ameegemea bega la Garnet.

Kwa Garnet hakuna harufu yoyote. Kuta zimeoshwa kwa sabuni tu. Nilifuata nyuma na ndala mkononi, na kipande cha sakafu kimeng'ang'ania ndala. Nikamsikia Mama akiuliza mbona mwaka huu hamkupaka rangi? Garnet akajibu, "Kaka alituambia kifua chako hakiwezi, Mama."

Mama akageuka, akaniangalia kwa muda. Nikaangalia dari. Dari ya Garnet ni nzuri pia, shetani.

Hakunisema. Alisema tu, "Kwa hiyo Garnet kaacha rangi ya Krismasi kwa ajili yangu." Akaketi juu ya lile godoro. Likashuka polepole, bila kelele. Akafumba macho.

Kisha akafungua moja. "Bertie. Ule mkia. Niletee huku."

Jumatano, 25 Desemba. Krismasi

Tumeng'oa fremu tena. Mimi mbele, Fonrose nyuma, Garnet anaelekeza magari yasimame. Mtaa mzima uko nje na nguo mpya, wanapiga makofi mkia ukivuka. Enzi yangu. Kazi yangu. Inaingia kwa Garnet mlango wa mbele, kwa sababu mlango wa Garnet, bila shaka, ni mpana.

Wageni wote wamepelekwa kuuona. Mama amelala katikati yake, nywele nyeupe zimejaa unga wa kumeta, anapokea watu kama malkia. Garnet anamwambia kila mtu, "Hii kazi ya kaka yangu. Kaka yangu huyu hapa." Anasema kwa moyo wote. Hilo ndilo linaniua! Angejisifu ningepata raha ya kumchukia.

Paranda walikuja. Waliimba kuhusu mkia. Paja likakatwa, na kipande cha kwanza Mama akasema ni cha Bertie. Mbele ya watu wote. Kisha nikaona kipande cha Garnet. Cha pili, ndiyo, lakini kina mafuta pembeni na karafuu mbili. Changu karafuu moja.

Jioni Mama akaniita pembeni. Akasema Jumapili atahamia kwangu mpaka Mwaka Mpya. Amesema mwenyewe, sikumwomba! Sharti ni moja: madirisha wazi mpaka hiyo Jumapili, upepo utoe ile harufu. "Usifanye kitu, mwanangu. Nisikilize vizuri. Usifanye kitu chochote. Fungua dirisha ukae."

Nikamwapia.

Alhamisi, 26 Desemba

Madirisha wazi tangu alfajiri. Nimekaa. Nimekaa vizuri sana. Hakuna mtu Arima aliyewahi kukaa kama nilivyokaa.

Harufu imepungua. Vanishi karibu inakauka. Fonrose kapita, kasema hata haisikiki sana. Furaha.

Saa tisa nikamwona Garnet anatoa makopo ya rangi stoo.

Nikamuuliza kwa mbali, mambo? Akasema Mama anakuja kwako Jumapili, kwa hiyo tutapata nafasi ya kukipaka chumba chake taratibu, harufu iishe kabla hajarudi. Rangi ya pichi. Pichi! Kwa hiyo Mama atalala kwangu kwenye mkono mmoja tu wa rangi ya kijani, ukuta unaonyesha michirizi pale mkia ulipokuwa, halafu arudi kwa Garnet akute pichi, mikono miwili, labda mitatu!

Hapana. Sikuzaliwa jana.

Kifua cha Mama ni cha Toco, kimekula chumvi ya bahari miaka yote, kitavumilia. Nimefunga madirisha ili vumbi lisishike ukuta. Nimefungua kopo jipya. Napiga mkono wa pili leo, wa tatu Jumamosi. Sakafu nayo ilikuwa imeanza kufifia, nimeiongezea vanishi kidogo.

Garnet atapiga mikono miwili tu. Nimeyahesabu makopo yake.